Fukusi wa Gugumaji: Mdudu Aliyefungua Mialo ya Mwanza

Buzuruga haina ufukwe. Ukishuka stendi ya Buzuruga, kwenye barabara ya Musoma, unakutana na maduka, bodaboda na vilima vya mawe. Ziwa liko upande wa pili wa mji, mwendo wa daladala. Hata hivyo kata hii inaishi kwa ziwa. Dagaa wake wanatoka Mwaloni Kirumba, maji yake ya bomba yanavutwa Ziwa Victoria, na mvua ikinyesha, kila kilichomo kwenye mitaro yake hushuka kwenda huko huko. Ndiyo maana historia ya gugumaji, mmea unaoelea ziwani, si ya wavuvi peke yao. Inamhusu kila mtu wa Mwanza anayepika, anayefua na anayetupa taka, na ndani yake yumo mdudu mdogo kuliko punje ya mahindi ambaye wengi wetu hatujawahi kumtazama.

Kwao gugumaji ni bonde la Mto Amazon, Amerika ya Kusini. Lina ua zuri la zambarau lenye doa la manjano, na uzuri huo ndio uliolisafirisha. Inasimuliwa kwamba katika maonyesho makubwa ya New Orleans, Marekani, mwaka 1884, watu waligawiwa mmea huu wakaupeleka kwenye mabwawa ya nyumbani kwao. Kabla karne hiyo haijaisha ulikuwa umefika Misri. Mto Kongo uliupata miaka ya 1950 mwanzoni, Mto Nile nchini Sudan mwaka 1958. Kwetu Tanzania haukuanzia Mwanza kama wengi wanavyodhani. Ulionekana kwanza Mto Sigi, mkoani Tanga, mwaka 1955, kisha Mto Pangani mwaka 1959. Kwa miaka thelathini ukawa tatizo la huko Tanga, na sisi wa Kanda ya Ziwa hatukuwa na habari nalo.

Ziwa Kyoga la Uganda lilivamiwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1989 gugumaji likaripotiwa Ziwa Victoria upande wa Uganda, na muda mfupi baadaye upande wetu. Mto Kagera ulikuwa unalishusha kutoka Rwanda bila kupumzika, na unaendelea kulishusha mpaka leo. Hakuna aliyelileta kwa nia mbaya. Mmea huu unaelea kwa mashina yaliyovimba kama sifongo, mizizi yake inaning'inia majini ikifyonza chakula, na penye maji yenye rutuba unaweza kuongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Mbegu zake huzama kwenye tope na kukaa hai hata miaka ishirini. Huko Amazon wadudu na magonjwa ya kwao huuzuia usivuke mipaka. Hapa ulifika peke yake, bila adui hata mmoja.

Walioishi mwambao wa Ghuba ya Mwanza miaka ya 1990 wanaikumbuka hali ile. Mwalo uliolala wazi jioni uliweza kuamka umefungwa, maana upepo ulisukuma zulia zima la kijani kutoka katikati ya ziwa na kuligandamiza ufukweni. Mtumbwi haukuweza kutoka. Nyavu zilizotegwa usiku zilikokotwa na gugumaji, zikapotea. Chini ya zulia hilo maji yalikosa hewa; sato walihama, wakabaki kambale na kamongo wanaovumilia maji mazito. Konokono wa kichocho walipata pa kushikilia, na akina mama waliokwenda kuchota maji walilazimika kupasua njia kwa mikono, bila kujua kama chini kuna nyoka au mamba. Upande wa Tanzania gugumaji lilifunika kiasi cha hekta 2,000, hasa katika ghuba za Mwanza, Emin Pasha, Mara na Rubafu. Kenya walizidiwa zaidi yetu: Ghuba ya Winam peke yake ilifikia kama hekta 17,000 mwaka 1998. Uganda, bandari ya Port Bell ilizibwa, na bwawa la umeme la Owen Falls likawa linapambana na mmea huu kila siku.

Yalijaribiwa au kupendekezwa mambo matatu. La kwanza lilikuwa mikono: watu wa mialo waliingia majini na reki, mapanga na matoroli, wakavuta na kurundika ufukweni. Kazi hiyo iliokoa mialo mingi na inastahili heshima, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa gugumaji ni maji, na hekta moja iliyoshonana inaweza kubeba tani mia kadhaa. La pili lilikuwa mashine, zilizotumika zaidi kwa majirani. La tatu lilikuwa dawa ya kuua magugu, na hapo ndipo mabishano yalipokuwa makali. Ziwa hili ndilo kisima cha kunywa cha mamilioni ya watu, na viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza vilitegemea soko la Ulaya. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hili baada ya habari za watu kuvua kwa sumu. Hebu fikiria kama wakati huo tungekuwa tunamwaga dawa kwa ndege juu ya ghuba.

Njia ya nne ilikuwa imeanza kutengenezwa mbali sana na hapa, kabla gugumaji halijafika kwetu. Katika miaka ya 1960 Idara ya Kilimo ya Marekani ilifungua maabara Hurlingham, karibu na Buenos Aires, Argentina, ili kutafuta maadui wa asili wa magugu. Huko walichunguzwa mbawakavu wawili wa jamii ya fukusi, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi. Kabla ya kuruhusiwa kuvuka mpaka, wadudu hao waliwekewa mimea mingine mingi, ya chakula na ya pori, kuona kama wataila na kuzaliana juu yake. Kizazi chao hakikuweza kusimama nje ya gugumaji. Hili ndilo jambo ninalotamani kila mwenye hofu alijue: mdudu huyu hana chakula kingine. Gugumaji likiisha, naye anaisha.

Florida ilimwachia wa kwanza mwaka 1972 na wa pili mwaka 1974. Sudan iliwapokea kuanzia 1978. Baadaye kituo cha taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, nchini Benin, kikawa ghala la wadudu hawa kwa Afrika. Kutoka Benin Uganda iliwapata mwaka 1993. Mtafiti James Ogwang na wenzake waliwazalisha na kuwaachia kwanza Ziwa Kyoga, na mwishoni mwa 1995 wakawatia Ziwa Victoria. Kenya ilianza kuwaachia mwanzoni mwa 1997.

Tanzania ilikuwa na Kibaha. Mpango wa taifa wa kudhibiti wadudu waharibifu kwa kutumia viumbe hai, uliokuwa na makao yake Kibaha mkoani Pwani, haukuwa mgeni wa kazi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kidungata wa muhogo alipokuwa anakausha mashamba, nyigu mdogo sana kutoka Amerika ya Kusini aliletwa, akamshinda. Dumuzi, yule wakulima waliyempachika jina la Scania, aliyeingia nchini kupitia Tabora na kugeuza mahindi kuwa unga ghalani, naye aliletewa mbawakavu wa kumla. Kwa hiyo wataalamu wa Kibaha walipopokea fukusi wa gugumaji mwaka 1995, walijua la kufanya. Waliwaachia kwanza Mto Pangani, mahali pale pale tatizo lilipoanzia. Mwaka 1997, mradi wa hifadhi ya mazingira ya Ziwa Victoria, LVEMP, uliotokana na makubaliano ya nchi tatu ya mwaka 1994 na kufadhiliwa na Benki ya Dunia, ulipoanza kazi, zamu ya ziwa ikafika.

Teknolojia yake haikuwa na makeke. Matangi ya maji yalijazwa gugumaji bichi, wadudu wakawekwa humo wazaliane, na majani yalipojaa makovu, mimea yenyewe ilibebwa na kutupwa katikati ya zulia la ghuba. Mdudu hakutupwa majini peke yake. Alisafiri ndani ya nyumba yake.

Ukitaka kumwona, usimtafute mchana juu ya jani. Mchana hujificha kwenye maungio ya majani au ndani ya jani changa ambalo bado limejikunja. Ana urefu wa milimita nne au tano, rangi ya kijivu na kahawia, na mdomo mrefu uliopinda kama wa fukusi wa mahindi. Mmoja wa hao wawili, bruchi, ana alama hafifu mgongoni iliyopinda kama herufi V. Usiku hutoka na kukwangua ngozi ya juu ya jani, akiacha vidoa vidogo vya mviringo au vya pembe nne. Jani moja linaweza kuwa na makumi ya vidoa hivyo, na kila kimoja ni tundu la kupotezea maji na mlango wa kuvu. Hata hivyo kazi kubwa si yake, ni ya watoto wake. Jike hutaga yai ndani ya shina la jani. Yai huanguliwa baada ya wiki moja au mbili, na funza huchimba handaki kushuka mpaka kwenye moyo wa mmea, pale machipukizi mapya yanapotokea. Anapokomaa hutoka, anashuka kwenye mizizi, na humo chini ya maji hujisokotea kifuko kwa vinyweleo vya mizizi hai, akipata hewa kutoka kwenye mzizi wenyewe. Mmea ulioliwa hivi haufi siku moja. Unadumaa, majani yanafupika, mashina yaliyokuwa yanaelea yanajaa maji na kuoza, halafu zulia zima linaanza kuzama.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini dawa na mdudu haviendi pamoja bila mpango. Ukipulizia gugumaji lenye fukusi, mmea unakufa ghafla na kuzama na watoto wote walio mizizini. Mbegu zilizobaki topeni zinachipua katika maji yasiyo na mdudu hata mmoja.

Kati ya 1998 na 1999 ziwa likafunguka. Upande wa Tanzania gugumaji lilipungua kwa zaidi ya asilimia 70 katika miaka mitatu hivi. Ghuba ya Winam, iliyokuwa imefungwa kabisa, ikawa maji matupu. Mabishano mapya yakazuka: nani aliyeliondoa? Mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998 zilipandisha ziwa, zikaleta mawimbi na mawingu ya muda mrefu, na wapo watafiti walioandika kwamba hali hiyo ya hewa ndiyo iliyoua gugumaji. Wengine wakajibu kwa makala ya kisayansi mwaka 2007 kwamba kupungua kule kulitokana na fukusi. Nimepima hoja za pande zote mbili na naegemea kwa fukusi. Gugumaji lenye afya hupigwa na mawimbi, likakatika vipande, na kila kipande kikawa mmea mpya, ndivyo linavyosambaa. Lililozama mwaka 1998 lilikuwa limekwisha kudumaa, mashina yake yamejaa maji na handaki za funza. Dhoruba ilimaliza kazi ambayo mdudu alikuwa ameshaifanya kwa miaka miwili au mitatu. Kumnyima sifa hiyo si kosa dogo la kitabuni, maana tukiamini mvua ndiyo iliyotuokoa, tutakaa tukisubiri mvua nyingine.

Na kwa kweli tulikaa. Gugumaji lilipozama, wadudu nao walizama kwa wingi, kama ilivyotarajiwa. Wachache walibaki kwenye mimea ya pembezoni. Kati ya 2004 na 2006 maji ya ziwa yalishuka kwa kiasi ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miongo mingi, tope la ufukweni likapigwa na jua, na mvua za mwisho wa 2006 ziliporudisha maji, mbegu za zamani zikachipua. Kenya ililiona tena kwa wingi mwaka 2007. Mdudu huchelewa kuufikia mmea mpya. Anahitaji misimu kadhaa kuzaliana mpaka idadi yake itoshe. Kipindi hicho ndicho ambacho matangi ya kuzalishia yangetakiwa kuwa yamejaa. Lakini LVEMP awamu ya kwanza ilikuwa imefikia ukingoni, na tabia yetu inajulikana: fedha za mradi zikiisha, na matangi hukauka.

Lipo tatizo jingine, nalo linarudi moja kwa moja Buzuruga, Nyakato, Mabatini na kila mtaa wa mji huu. Gugumaji hula nitrojeni na fosforasi. Penye maji masafi linakua taratibu na fukusi analimudu. Penye maji ya vyoo, sabuni na mbolea linakua kwa kasi inayomshinda mdudu. Kila jani linaloliwa linafuatwa na mawili. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.1 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela pekee, na nyumba nyingi za vilimani zinatumia vyoo vya shimo juu ya mawe. Mto Mirongo unapita katikati ya mji ukiwa umebeba kila tunachouachia, na unamwaga ziwani. Hatuwezi kuleta mdudu wa kula gugumaji kwa mkono mmoja na kulilisha gugumaji kwa mkono mwingine.

Sasa amekuja mgeni wa pili. Mwishoni mwa 2024 na mapema 2025 watu wa Kigongo na Busisi, kwenye Ghuba ya Mwanza, walishuhudia gugumaji jipya la jamii ya Salvinia, lenye majani madogo yaliyoshonana, likitatiza vivuko. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, magari yaliacha kutegemea vivuko. Wavuvi hawakupata daraja lao.

Historia ya Salvinia ina funzo ambalo serikali na watafiti wetu wanapaswa kulishika mapema. Mmea huu ulipofunika Ziwa Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulidhaniwa kuwa aina nyingine. Wadudu waliotafutwa kwa jina hilo la makosa waliletwa Afrika, na hawakufua dafu. Mwaka 1972 mwanasayansi David Mitchell, aliyeufahamu mmea huo wa Kariba kwa karibu, alithibitisha kwamba ni aina tofauti na kuuita Salvinia molesta. Ndipo Waaustralia walipoufuatilia mpaka kwao halisi, kusini mashariki mwa Brazil, wakakuta fukusi wake, Cyrtobagous salviniae. Mwaka 1980 walimwachia kwenye Ziwa Moondarra, Queensland, lililokuwa na hekta kama 200 za gugu hilo, na katika muda wa mwaka mmoja na kidogo alikuwa ameliangamiza. Mapema miaka ya 1990 Kenya ilimtumia mdudu huyo huyo Ziwa Naivasha. Hatuanzi sifuri. Dawa ya Salvinia ina jina, ina rekodi, na iko kwa jirani.

Kazi hii ya mdudu dhidi ya gugu si ya majini peke yake; barabarani nako kuna habari yake. Gugu karoti lilionekana Arusha mwaka 2010. Linawasha ngozi, linabana pumzi, ng'ombe akilila maziwa yanakuwa machungu, na mbegu zake husafiri kwenye matairi na magunia. Adui yake ni mbawakavu mla majani, Zygogramma bicolorata kutoka Mexico, mwenye michirizi ya kahawia kwenye mgongo wa rangi ya maziwa. Mkubwa na mtoto wote wanatafuna majani. Australia ilimwachia mwaka 1980, India mwaka 1984. Stendi kama ya Buzuruga, ambako magari na mizigo ya kila upande hupumzika, ndiyo mahali ambapo gugu la namna hii hutua kwanza. Ukiona mmea wenye majani kama ya karoti na maua madogo meupe umeota kwenye kifusi kando ya barabara, ung'oe kabla haujatoa mbegu, ukiwa umevaa glovu, kisha mjulishe bwana shamba wa kata.

Kwa ziwa, ombi langu linakwenda kwa halmashauri zote za mwambao, kuanzia Ilemela na Nyamagana. Matangi ya kuzalishia fukusi yarudishwe, yawe ya kudumu, kwenye bajeti ya kila mwaka, yasisubiri mradi. Gharama yake ni maji, gugumaji lenyewe na kijana mmoja aliyefunzwa kuhesabu makovu kwenye majani. Gugumaji linalovutwa mialoni likaguliwe kwanza, na lenye wadudu wengi lirudishwe majini mahali ambapo bado hawajafika. Salvinia ya Busisi itambuliwe aina yake kwa uhakika, kisha fukusi wake aombwe Kenya. Na Mto Mirongo usafishwe kuanzia juu, mitaani kwetu, maana huko ndiko gugumaji linakopikiwa chakula.

Wazao wa fukusi walioachiwa miaka ya 1990 bado wamo ziwani. Hawajawahi kulipwa, na hakuna aliyewapelekea chakula. Ukipita mialo ya Kirumba au Igombe, chukua jani moja la gugumaji uligeuze mwangani. Ukikuta vidoa vidogo vilivyokwanguliwa, waambie wavuvi walio karibu nawe wasilipulizie dawa.